Doa la Pembeni

Ijumaa, stima ikikubali,
twazima taa zote za Makasembo
(za nyumba yetu, yaani),
Shangazi Dorsila anavua viatu,
anaufunga mlango kwa makomeo mawili,
kisha anasema, kama anayeanza sala:
"Haya. Waambie Waingereza wafufuke."

Ukungu kwanza. Siku zote ukungu kwanza,
umelala chini kama maziwa yaliyomwagika,
na sisi hapa jasho linatutiririka,
feni yetu ina panga moja pungufu.
Gari la farasi. Farasi wagoma darajani.
Kilabu cha kijijini: wanywaji watano, kimya ghafla
mgeni anapoulizia njia ya kasri.
"Wanajua," asema Shangazi. "Kijiji kizima kinajua.
Ni kama Kondele mtu akiulizia nyumba ya mkopeshaji."

Najua ni vya bei rahisi vyote.
Jiwe la kaburi hutikisika mtu akiliegemea.
Popo ni kitambaa, uzi wake unang'aa.
Ukumbi wa kasri hili, wiki jana
ulikuwa hospitali ya wendawazimu;
wamegeuza mapazia tu,
ngazi ni ile ile.
Na damu! Nyekundu ya rangi ya kucha,
damu isiyoganda wala kunuka.
Shangazi, aliyefua shuka za wodi ya upasuaji
miaka ishirini na sita,
huitazama kama mpishi atazamavyo picha ya chakula.

Lakini mwone yule mrefu alivyosimama juu ya ngazi.
Joho limetulia. Amesema "Karibu"
mara moja tu, kwa adabu, sauti ya mtu aliyesoma,
na vinyweleo vya shingo yangu vimesimama
bila kuniuliza umri.
Hakuna aliyeidharau kazi pale.
Wanaigiza ndani ya kadibodi
kama watu waliokabidhiwa dhahabu.
Hilo ndilo linalonirudisha.

Mbu ananiuma kisigino.
"Wao wana vitunguu saumu, sisi tuna chandarua.
Mnyonya damu ni mnyonya damu."

Ila yeye hatazami jino wala shingo.
Anatazama pembe ya juu, kulia.
Kuna doa hapo, jeusi, la duara,
huja kufumba na kufumbua,
hurudi tena baada ya hesabu ya nane,
na mkono wake unaondoka pajani
unavuta kitu ambacho hakipo.

Ndiyo iliyokuwa kazi ya Okumba.
Kule juu, chumba cha bati nyuma ya balkoni,
mashine mbili, joto la tanuri.
Doa la kwanza: washa. La pili: geuza.
Watu chini wapiga mayowe bila kujua
kwamba hadithi imeruka toka mashine hii hadi ile
mikononi mwa kijana wa Seme mwenye fulana iliyotoboka.
Dorsila alimpelekea chakula saa tatu usiku,
akabaki, akichungulia begani mwake;
kwa hiyo alizijua filamu zote kuanzia katikati.
Mianzo amejifunza uzeeni, pamoja nami.

Ukumbi sasa ni kanisa.
Pepo hufukuzwa pale pale
walipokuwa wakikatiwa tiketi.

Leo, mwanamke wa kwenye filamu amefiwa,
na mume amerudi. Anagonga dirisha,
ana udongo kwenye kola.
Msalaba, mayowe, daktari na kigingi.
Shangazi akaguna.
"Mtu ametoka kaburini, mbali hivyo, usiku,
na hamna hata mmoja wa kumwuliza kama amekula."

Nilidhani nitacheka.
Doa la kwanza likapita.
Mkono ukainuka, ukangoja hewani,
tukahesabu sote wawili bila sauti,
tatu, nne, na juu ya bati la jirani
paka, au nani sijui, akakanyaga mara moja,

stima ikapotea.

Nikapapasa kiberiti.
"Ngoja," akasema gizani. "Anageuza."